Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mama wa mazoezi, yule wa hospitali anayenifundisha kupumua, kaniambia niandike. Kila siku, anasema, andika pumzi imekwendaje, ngazi umepandaje, mvua imekufanya nini kifuani. Nikamwambia mimi dalali wa mnada, kazi yangu mdomo, mimi na kalamu tuliachana darasa la saba. Akasema mdomo wako siku hizi haufiki mwisho wa sentensi, kwa hiyo rudiana na kalamu. Jibu nilikuwa nalo. Pumzi ikaisha kabla halijatoka.

Haya. Pumzi: mbaya. Ngazi: nimepumzika katikati kama mjamzito. Mvua: imeanza leo, na bati letu limeanza kuvuja pale pale pa mwaka jana.

Jumanne, 4 Machi

Leo tumeingizwa kwenye tangi. Nasema tumeingizwa kwa sababu tuko wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa injini. Ile homa ya virusi inayolala mapafuni ilitupitia wote wawili mwishoni mwa mwaka. Tukalazwa, tukaruhusiwa, tukaambiwa tumepona. Mimi nimepona hivi: nikinadi kabati, nikifika kwenye bei nimeshazama. Shemeji amepona hivi: akiinua spana anakaa chini, na akishakaa anasahau alikuwa anatafuta nini.

Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mnakaa ndani ya tangi, hewa inashindiliwa, mnavuta oksijeni kwa barakoa, na mwili unapata hewa nyingi kuliko unavyoipata barazani. Wengine wametoka na nguvu, wengine wametoka kama walivyoingia, na wataalamu bado wanabishana. Nikasema basi tungoje wamalize kubishana. Mke wangu akasema mtaingia kesho. Kwa hiyo leo tumeingia.

Tangi lenyewe ni kama la lori la mafuta, limelazwa chini, limepakwa rangi nyeupe, lina madirisha ya duara ya kuchungulia. Ndani kuna mabenchi mawili, watu sita, magoti yanagusana. Dada wa tangi, nesi anayekaa ndani na sisi, alininusa kichwa mlangoni. "Baba, umepaka mafuta." Nikasema nimepaka, mimi mtu mzima. Akanirudisha bombani na sabuni. Hutakiwi kuwa na mafuta, simu, kiberiti wala nguo ya nailoni, kwa sababu kwenye oksijeni nyingi cheche moja tu sote tunakuwa mishikaki. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeuliza sukari ngapi.

Tena kuna habari ya masikio. Hewa ikianza kushindiliwa masikio yanabanwa, lazima uzibue: unabana pua unapuliza taratibu, au unameza mate, au unapiga miayo. Ukizibuka unanyoosha mkono juu, dole gumba limesimama. Dada anaangalia mikono. Yote ikiwa juu anawaashiria walio nje waongeze hewa. Mkono wa mmoja usipopanda, sote tunasimama.

Nani unadhani mkono wake haukupanda?

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji na masikio yake. Pumzi: mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kidogo nisije nikapasuka. Watu watano tumeshanyoosha mikono, tumekaa kama darasa linalojua jibu, na yeye yuko pembeni anabana pua, anameza, anapiga miayo kama kiboko. Anatikisa kichwa. Dada anawaambia wa nje wapunguze hewa kidogo. Tunasubiri. Anajaribu tena. Mwalimu Mkuu mstaafu, mama mmoja anayekaa mbele yangu na ambaye hata ndani ya tangi amekaa kama yuko gwaride, anamwambia, "Usiwe na haraka, mwanangu." Mwanangu ana miaka arobaini na kidogo. Haraka hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe, mama yake mwenyewe alisema alitoka tumboni amechelewa.

Halafu njiani kurudi kanikera tena. Pikapu ni yake, anaendesha yeye. Tumesimama kwenye foleni na mvua inapiga, akashusha kioo akaingiza maji yote mapajani mwangu, eti anasikiliza lori la mbele. Akashuka. Akamwambia dereva nozeli ya tatu inakojoa dizeli, itakuacha njiani. Dereva akamuuliza umejuaje, hujafungua hata boneti. Shemeji akagusa sikio, akacheka, akarudi amelowa.

Nakiri hapo yeye ni bingwa. Watu wanaleta magari kutoka mbali ayasikilize tu. Anasimama, anafumba macho, anainamisha kichwa upande wa kushoto, kisha anataja ugonjwa. Sikio hilo hilo la kushoto ndilo linalotuweka benchi. Linasikia nozeli barabarani na kuzibuka linakataa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Shemeji. Tulichelewa kutoka. Ngazi: nimepanda zote, nikakaa juu nikisubiri roho inifuate.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Tajiri, mwenye uwanja wa mnada, kaja nyumbani. Kuna hoteli inafungwa. Vitanda, makabati, meza, majokofu, vyombo vya jikoni, vyote vinapigwa mnada tarehe 27, saa tisa alasiri. Mnada wa namna hiyo sijauona miaka mingi. Akasema, "Ukiweza ni wako. Usipoweza nampa Kengele." Kengele ni kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Sauti yake utadhani shule inaingia. Ana mapafu mawili mazima na hana aibu.

Nikasema nitaweza. Nililisema kwa ufupi ili pumzi isinisaliti.

Shemeji alikuwepo, akaanza kunipongeza kwa kupunga mikono, ndivyo anavyoongea, utadhani anafukuza nyuki. Nikamwambia we siku hiyo usije, utanunua majokofu yote. Tukacheka. Kweli alishawahi kuja mnadani akajikuna kichwa kwenye bei ya kochi. Dalali mwingine angemgongea nyundo. Mimi nilimuuliza, "Shemeji, umenunua au unawashwa?" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Lakini nilimuuliza. Hiyo ndiyo kazi yangu ilivyo: mkono wa mtu ni wa mtu. Wapo wanaopandikiza mikono ya uongo kati ya wateja ili bei ipae. Nilishamfukuza mtu uwanjani kwa mchezo huo, mbele ya mkewe.

Jumanne, 18 Machi

Nimesema sentensi nzima kwa mama wa mazoezi bila kutua. Akapiga makofi. Sijui ni tangi au ni mazoezi au ni siku tu kupita. Yeye pia hajui, na amesema hajui.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Bati. Ndoo tatu sebuleni. Mke wangu anasema ningekuwa fundi nyumba isingevuja. Ndugu yake ni fundi na kwake kunavuja vile vile.

Jumatano, 26 Machi

Shemeji kanyeshewa jana kutwa chini ya lori la mtu, leo anapiga chafya. Mke wangu akamwambia kesho usiingie tangini, sheria imebandikwa mlangoni, mwenye mafua haingii. Akaja kuniuliza mimi pembeni, kwa adabu zake: "Shemeji, niwaambie nina mafua?"

Nikamwambia ukiwaambia wataanza kukuchungulia pua na masikio, na sisi tumekaa. Kesho ni kesho yangu, nikitoka tangini niwahi uwanjani kupanga vitu. Pangusa pua uingie. Akasema sawa.

Alhamisi, 27 Machi

Mnada umeniaibisha. Nilinadi vitanda vizuri, watu wakachangamka, nikaona nimerudi. Kwenye majokofu nikaanza: mara ya kwanza... mara ya pili... na ya tatu haikuja. Nilisimama pale juu ya meza na nyundo hewani, mdomo wazi kama samaki sokoni, na watu mia wakinitazama. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Dalali, tumalizie au tuje kesho?" Kengele akapanda akamalizia. Alimalizia vizuri, kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Shemeji kapata shida ya sikio asubuhi tangini. Ametoka na damu kidogo. Yuko kwake.

Nimechoka.

Ijumaa, 28 Machi

Jana sikuandika yote. Nimekaa tangu chai na kalamu mkononi, nakasirika na kila kitu: na mvua, na ndoo, na huyu mama wa mazoezi aliyenitia kwenye mambo ya kuandika. Haya, niandike.

Tulichelewa kuanza kwa sababu Mwalimu Mkuu aliingia na pini za nywele zikabidi zitolewe. Hewa ikaanza kuongezwa, joto likapanda kama kawaida. Dada akasema masikio. Mikono ikaenda juu. Wa shemeji ulifika nusu. Akaushusha, akabana pua, akapuliza, macho yakamtoka. Wakapunguza hewa, tukasubiri, wakaongeza. Mara ya pili, nusu tena. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye na kichwani nasikia Kengele akigonga nyundo yangu. Nikamwambia sikioni, kwa sababu mle ndani sauti inatoka nyembamba kama ya bata, "Shemeji, wanawake wazee wameshazibuka. Unataka tukuletee kigoda mkono upandie?" Akacheka. Akajaribu tena. Mara ya tatu mkono ukaja nusu ukasimama, na Dada alikuwa amegeuka anarekebisha barakoa ya Mwalimu Mkuu. Alikuwa anageuka kurudi kutuangalia.

Nikamshika kiwiko nikaupandisha.

Si kwa nguvu. Ni kama unavyomwinua mtoto mkono anapoona haya kujibu darasani. Niliuweka juu, na gumba lake likawa limesimama lenyewe, maana ndivyo alivyokuwa amejiandaa. Dada akageuka, akaona mikono sita, akaashiria. Hewa ikaja. Nikauachia.

Hakupiga kelele. Alijishika sikio la kushoto, akainama mpaka paji likagonga goti langu, halafu akatulia ghafla kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipoinua uso kulikuwa na mstari mwembamba wa damu shingoni, na alikuwa anayumba ingawa amekaa. Dada alisimamisha kila kitu, akatutoa wote taratibu. Ukungu ulijaa mle ndani kama unavyojaa kila tunapotoka, na katika ukungu ule nikamsikia Dada akimuuliza shemeji, "Baba, si ulinyoosha mkono?"

Shemeji akasema, "Nilinyoosha."

Mimi nikatazama saa ya nje kupitia dirishani. Niandike na hilo.

Jumatatu, 31 Machi

Ngoma ya sikio imepasuka. Daktari anasema nyingi hujifunga zenyewe baada ya majuma kadhaa, zingine hazijifungi vizuri, na usikivu utajulikana baadaye. Maji yasiingie. Kwa hiyo anatembea na pamba sikioni na mfuko wa plastiki kichwani, msimu mzima huu wa mvua. Tangini haingii tena.

Dada hayupo tangini. Tumewekewa mwingine. Nikauliza. Wamemtoa mpaka jambo lijadiliwe, kwa sababu wajibu wake ulikuwa kuangalia uso pamoja na mkono. Nimemwona chumba cha nyuma anakunja mashuka. Akanisalimia, "Shikamoo baba, pumzi inaendeleaje?" Nikasema marahaba, inaendelea.

Inaendelea nini.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda gereji. Sikukaribishwa wala sikufukuzwa, nikakalia tairi. Mtu kaleta basi dogo linalolia mluzi ukikanyaga mafuta. Mimi mwenyewe nilisikia mluzi. Shemeji akasimama, akafumba macho, akainamisha kichwa kushoto kwa mazoea, akafumbua. Akageuza kichwa kulia. Akazunguka gari. Akamwambia mtu akanyage tena. Akakanyaga. Tena. Mwisho akasema tufungue tuone. Mwenye gari akasema nilileta kwako usikilize, kufungua hata kwa jirani yangu wanafungua. Akaondoka nalo, na mluzi wake.

Shemeji akakaa kwenye tairi la pili. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi na badala yake nikamkasirikia. Nikamuuliza kwa nini hasemi. Kwa nini amemwacha Dada akunje mashuka. Kwa nini hata dada yake, mke wangu, hajui. Akanigeuzia sikio zima, nikarudia yote, na pumzi ikaniishia katikati, akasubiri niipate. Mtu huyu anakusubiri hata unapomgombeza.

Akasema, "Mkono ulikuwa wangu, shemeji. Ningeweza kuushusha. Nilijua una mnada."

Nikamwambia usinifanyie wema, nimeshiba wema wako. Akacheka, akasema basi usinitolee macho, saidia kubeba hili tairi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulibeba. Tuliliviringisha.

Hasira zangu zote za mwezi mzima zilikuwa kwa mtu huyu. Kuna jambo sijaliandika kwa sababu ukiliandika linakaa: homa ile aliipata kwangu mimi. Niliugua kwanza. Usiku ule gari la wagonjwa halikuja, akanibeba mgongoni mpaka barabarani, mdomo wangu ukihema shingoni kwake. Baada ya siku chache naye akaanguka. Mtu anayeitwa mzembe wa masikio.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda tangini, nimenyoosha mkono, nimevuta oksijeni ya watu. Pumzi: nzuri kidogo. Sijafurahi.

Ijumaa, 4 Aprili

Vivyo hivyo. Nimemkwepa Dada kwenye korido, nikajifanya natafuta choo. Nikaingia cha wanawake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeanza kukiri kwa mke wangu kwa sababu Daktari hatalala na mimi chumba kimoja.

Alikuwa anaanika nguo ndani, kamba imepita sebuleni juu ya ndoo. Nikamwambia kaa. Akasema nguo hazijianiki, sema. Nikasema kuhusu mafua, nikasema kuhusu kigoda, nikasema kuhusu kiwiko. Nilikuwa nahitaji kupumzika kila baada ya maneno machache, na kila nilipopumzika alidhani nimemaliza, na kumbe bado. Alipojua nimemaliza kweli alikuwa ameshika shati langu limelowa. Hakulitundika. Alilirudisha kwenye beseni.

Akasema, "Alikubeba mgongoni, Baba Pacha."

Nikasema najua.

"Ningekuwa sijui hilo ningekusamehe leo. Sasa itabidi nisubiri."

Akaendelea na nguo zake. Zangu zote zikabaki kwenye beseni.

Kutoka hapo nikaenda kwa Daktari. Nikamkuta na mgonjwa, nikasubiri. Nilishajiandalia hotuba ya kuonyesha kwamba mkono wenyewe ulikuwa umeshapanda nusu. Dalali anaweza kuuza hata nusu. Nilipoingia nikaona haiuziki. Nikasema, "Dada hana kosa. Mkono aliouona niliunyoosha mimi. Haukuwa wangu."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza mambo mawili matatu, na alilouliza kwa muda mrefu ni lile la mafua, nani alijua. Nikasema mimi. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba mle ndani hawana kipimo cha kuingia sikioni mwa mtu. Wana uso wake na mkono wake. Siku wakishindwa kuuamini mkono, wafunge mlango waende nyumbani. Kwa hiyo Dada atarudi, ila ataonywa pia, maana alipaswa kuangalia uso. Na mimi sitaingia tena tangini. Mazoezi na mama wa mazoezi yataendelea.

Nilikuwa nimebakiza karibu nusu ya dozi. Nikataka kusema hapo ndipo pumzi ilikuwa inaanza kuja. Nikakumbuka basi dogo likiondoka na mluzi wake. Nikasema asante Daktari.

Dada nilimkuta kwenye mashuka yake. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa. Akasema, "Baba, siku zile zote nimekuwa nikilala najiuliza niliona nini." Akanipa shuka ncha mbili nishike, tukakunja. Shuka zilikuwa nyingi.

Jumatano, 9 Aprili

Mke wangu ananiita Dalali, jina la Baba Pacha kaliweka kando. "Dalali, chakula." "Dalali, ndoo imejaa." Nimeosha nguo zangu mwenyewe. Ngazi: nimepanda na beseni.

Jumatatu, 14 Aprili

Tajiri kaja. Minada mikubwa ya Kengele, midogo yangu nikitaka: vyombo, baiskeli, redio. Nimekubali. Baiskeli nayo ina mwenyewe.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua mbaya. Nimekwenda kumshikia shemeji mwavuli kutoka gereji mpaka kwenye pikapu maji yasimwingie. Yeye kapita upande wa nje wa mwavuli, anaongea, anapunga mikono. Nimelowa mimi, kalowa yeye, pamba tu ndiyo kavu. Mtu huyu ataniua.

Jumanne, 29 Aprili

Gereji inapwaya. Mafundi wawili wamehamia kwa jirani. Shemeji anafungua injini nzima kutafuta kitu alichokuwa anakitaja amesimama. Akifungua moja anachoka, maana na pumzi yake bado haijarudi, analala juu ya makaratasi. Naenda asubuhi kumpa spana. Spana nazichanganya zote. Ananiambia, "Kumi na tatu, shemeji, hiyo kumi na saba," na hajakasirika hata kidogo. Angekasirika ningepumzika.

Jumanne, 6 Mei

Daktari wa masikio kachungulia. Ngoma imejifunga. Shemeji kawekewa vidude masikioni, akaambiwa akisikia mlio anyooshe mkono. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo na mke wangu. Mke wangu akaangalia mikono yangu iko wapi. Ilikuwa mapajani.

Majibu: sikio la kushoto limerudi isipokuwa kwenye milio ile myembamba, ya juu kabisa. Huko limepungua, na linaweza kuendelea kurudi au likabaki hapo. Kwa mazungumzo, daktari akasema, hatajua tofauti. Shemeji akauliza na kwa mluzi wa beringi? Daktari akauliza beringi ni nani.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Mke wangu kazimwaga ndoo, kaziweka nje kifudifudi. Nimenadi redio tatu na baiskeli kwa sentensi fupi fupi. Watu wamezoea. Mmoja kasema hivi ndivyo vizuri zaidi, anapata nafasi ya kufikiri.

Jumamosi, 17 Mei

Yule mwenye basi dogo amerudi. Kule kwa jirani walifungua, wakafunga, wakabadilisha hiki na kile, na mluzi uko pale pale. Akashuka amenuna, akamwambia shemeji, "Haya, sikiliza." Mke wangu alikuwepo, ametuletea chakula. Mafundi waliobaki wakaacha kazi.

Injini ikawashwa. Shemeji akatoa pamba, bado anaivaa kwa mazoea, akaitia mfukoni. Sikio zima la kulia akaliziba kwa kidole, akainamisha kichwa kushoto, akafumba macho. Dereva akakanyaga. Mluzi nikausikia mimi mpaka kwenye meno, nikajua unatoka upande gani, mbele, chini, pale pampu ya maji ilipo, hata mimi mchanganya spana. Shemeji alisimama tu. Mkono wake ukajongea, ukafika kiunoni, ukashuka.

"Tena," akasema.

Dereva akakanyaga tena. Watu wakaanza kutazamana. Mwenye basi akaangalia saa yake. Nilikuwa mbali na shemeji hatua chache, na kila kitu ndani yangu kilitaka kusema ni huko, bwana, mbele, chini. Nikakaa kwenye tairi. Mikono nikaikalia, yote miwili, nikaibana na makalio yangu juu ya mpira.

"Tena."

Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Mara ya kwanza imepita, ya pili imepita, ya tatu imepita, na hakuna aliyegonga nyundo. Shemeji akasogea nusu hatua, akageuza kichwa kidogo tu, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo kwenye giza. Akatulia hapo. Uso wake ukabadilika kabla ya mkono.

Kisha mkono ukaja. Ulikuja taratibu, kwa mwendo wake ule ule wa kukera, ukafika nusu ukasimama, na hakuna mtu aliyeugusa. Halafu ukapanda wenyewe mpaka juu, dole gumba limesimama.

"Beringi ya pampu ya maji," akasema, na macho bado ameyafumba.

Nyuma yangu mke wangu akashusha pumzi. Akanigonga begani. "Ondoka hapo, Baba Pacha, chakula kinapoa."

Pumzi: niliibana muda wote ule. Ilitosha.